Kipendacho Moyo si Hoja: Juu ya Kuuchagua Wimbo wa Ayub Ogada

Kuna swali ambalo wahadhiri wa fasihi hulikwepa wanapoulizwa na wanafunzi wao, nalo ni hili: katika nyimbo zote za msanii fulani, ni upi unaoupenda kuliko zote, na kwa nini? Sehemu ya kwanza ya swali hujibiwa kwa tabasamu. Sehemu ya pili aghalabu haijibiwi. Wapo wanaojikinga kwa methali isemayo kuwa kipendacho moyo ni dawa, wakimaanisha kwamba mapenzi hayana mahakama. Wapo pia wanaojikinga kwa ile isemayo kuwa mchagua jembe si mkulima, wakimaanisha kwamba kazi ya mhakiki ni kuchambua kila akabidhiwacho pasipo kupendelea. Makala hii inawapinga wote wawili. Tunadai kwamba kuchagua wimbo ni kutoa hukumu ya kihakiki, na kwamba mwenye kutoa hukumu sharti awe tayari kudaiwa sababu zake. Dai hili tutalitetea kwa kumtumia msanii mmoja ambaye sehemu kubwa ya wapenzi wake humpenda bila kumsikiliza, yaani marehemu Ayub Ogada.

Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956 akiitwa Job Seda. Katika miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa vijana wa Nairobi waliokuwa wakitafuta muziki ambao ungekuwa wao, na mwaka 1979 alishiriki katika kuiasisi bendi ya African Heritage. Mwaka 1986 alikwenda Uingereza, akawa anapiga nyatiti mbele ya wapita njia katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London. Mwaka 1993 kampuni ya Real World ilitoa albamu yake, En Mana Kuoyo, maana yake 'ni mchanga tu'. Alirejea Kenya, na akafariki Februari 2019. Kwa albamu hiyo moja amepata nafasi ambayo wasanii wenye albamu ishirini hawakuipata. Anatajwa kama mshairi wa upweke, mtu aliyeketi na ala yake akizungumza na nafsi yake mwenyewe, na sisi tukiwa kama watu wanaosikiliza mlangoni. Wengine wamefikia hatua ya kumweka safu moja na Leonard Cohen.

Waulize wapenzi hao wimbo waupendao. Wengi watakutajia Kothbiro. Waulize sababu, nao watakuambia kuwa ni wimbo wa huzuni, kwamba unawaliza, kwamba una simanzi isiyoelezeka. Sisi pia tunauchagua wimbo huo. Lakini sababu hizo tunazikataa zote, na ndiyo maana tunaona ugomvi huu unastahili kurasa za jarida. Watu wawili wanaweza kuuchagua wimbo mmoja huku wakiwa wamechagua vitu viwili tofauti kabisa. Maadam hatuulizani sababu, tutadhani tumekubaliana.

Tuanze na chimbuko la hiyo huzuni. Wengi walioujua wimbo huu nje ya Kenya, na si wachache ndani ya Kenya, waliujua kupitia filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Fernando Meirelles. Filamu hiyo, iliyotokana na riwaya ya John le Carré ya mwaka 2001, inasimulia habari za mke wa mwanadiplomasia Mwingereza anayeuawa karibu na Ziwa Turkana, na za mume anayeifuata siri ya kifo hicho hadi naye anafia kando ya ziwa hilohilo. Sehemu za filamu zilipigwa Loiyangalani, upande wa mashariki wa ziwa. Hatuna ugomvi na mwongozaji, kwani filamu ina haki ya kuazima sauti popote. Ugomvi wetu ni na msikilizaji aliyeazima hisia za filamu akazirudisha katika wimbo kana kwamba ndimo zilimotoka. Mtu huyo anadhani anampenda Ogada, kumbe anakikumbuka kifo cha mhusika wa kubuni katika sinema. Wimbo umefanywa sanda.

Sasa tuyatazame maneno. Jina lenyewe la Kijaluo ni sentensi kamili: mvua inakuja. Nafsineni inawaita watoto, inawatahadharisha, na inawaagiza waileteni mifugo nyumbani, kwa kuwa mifugo hiyo ndiyo mali. Muundo wake wa kisarufi ni wa wito na amri. Hamna marehemu anayetajwa, wala mpenzi aliyekwenda zake, wala nafsi inayojichungua. Maombolezo hutazama nyuma, kwenye jambo lililokwisha kutokea na lisiloweza kubadilishwa. Wimbo huu unatazama mbele, kwenye jambo ambalo halijatokea bado na ambalo linadai kazi ifanywe kabla halijafika. Mvua yenyewe si balaa wala si neema kwa wakati huo. Ni habari, na mwenye kuipata habari hiyo anatakiwa ainuke alipoketi. Ukisema wimbo huu ni wa simanzi, umesema kwamba mtu anayepaza sauti akiwaita watoto watoke malishoni analia. Ni dai linalohitaji ushahidi, na ushahidi wa pekee unaotolewa ni kwamba wimbo ni wa polepole.

Hapa ndipo ilipo kasoro kubwa ya uhakiki wetu wa nyimbo. Tumezoea kuichukua kasi ya muziki kama maudhui. Ukiwa wa polepole, ni wa huzuni. Ukiwa wa haraka, ni wa furaha. Kwa kanuni hiyo mtu asiyejua neno moja la Kijaluo anaweza kuandika tasnifu nzima juu ya falsafa ya Ogada, na atafaulu mtihani. Hilo neno 'upweke' tunalompachika msanii huyu halikutoka katika nyimbo zake. Limetoka katika kutoelewa kwetu. Mtu akisema nawe kwa lugha usiyoijua, ni rahisi kudhani kwamba anajisemea peke yake.

Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, alitufundisha kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba fanani, hadhira, fani, mahali na wakati hufungamana ndani yake. Wanafunzi wetu wanaikariri fasili hiyo usiku wa kuamkia mtihani, kisha asubuhi wanauchambua wimbo kana kwamba hauna hadhira. Katika Kothbiro hadhira imo ndani ya wimbo wenyewe: ni hao watoto. Bila wao wimbo hauna kazi. Mhakiki anayewaondoa watoto ili abaki na mwimbaji aliyejiinamia ameuharibu wimbo, kisha ameusifu kwa uharibifu huo.

Tunajua kuna pingamizi, tena si dogo. Watakaotupinga watasema kuwa nyatiti ni ala ya msibani. Watamtaja Owuor Anyumba, ambaye katika miaka ya 1960 aliandika juu ya nyimbo za maombolezo za nyatiti, na watauliza ni nani sisi wa kuing'oa ala hiyo matangani. Pingamizi hili tunalipokea kwa heshima, kwa sababu linatoka kwa watu wanaoujua utamaduni wanaouzungumzia. Hata hivyo, linathibitisha kinyume cha lile linalokusudiwa. Nyatiti hupigwa msibani, lakini hupigwa pia harusini na penye pombe na sifa. Na hata huko msibani, mpigaji hakai pembeni akijililia. Huketi kwenye kigoda mbele ya watu, njuga mguuni, pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu akiigonga ala ili kuweka mapigo, vidole vya mikono vikizipitia nyuzi nane. Huwataja waliokuja, huwasifu, huwatania, na husubiri watoe chochote. Huyo ni mtu aliyezungukwa na jamii na kuwajibika kwayo. Kama Ogada aliketi peke yake katika njia za chini ya ardhi za London, upweke huo ulikuwa wa mahali pale na wa maisha ya uhamishoni. Nyatiti haikuuleta.

Isitoshe, wimbo wenyewe haukuzaliwa London. Kothbiro ilikuwa imekwisha kurekodiwa Nairobi mwaka 1976 na bendi ya Black Savage, ambamo Ogada alikuwa mmojawapo. Mwanamuziki wa Marekani Kanye West alipoutumia mwaka 2018 katika wimbo wake Yikes, waliotajwa kuwa watunzi wa asili walikuwa wawili, Ogada na James Mbarack Achieng. Basi huu ni wimbo wa kikundi cha vijana wa mjini, uliotungwa na zaidi ya mtu mmoja, katika lugha ya wazazi wao, juu ya kazi ya watoto wa shambani. Mahali pa kuiingiza ile picha ya msanii mmoja aliyejifungia chumbani na majonzi yake hapaonekani.

Pengine hoja yetu itaeleweka vyema zaidi tukiipeleka mahali ambapo mvua na mifugo si tamathali. Longech ni ulimi mwembamba wa mchanga karibu na Kalokol, katika Kaunti ya Turkana, unaoitenga Ghuba ya Ferguson na ziwa lenyewe. Wengi wa wavuvi wake ni wa koo za wafugaji, ambao ukame uliwanyang'anya mifugo ukawasukuma majini, na miongoni mwa Waturkana mvuvi asiye na ng'ombe bado huhesabiwa kuwa fukara hata akiwa na samaki wa kuuza. Katika miaka ya 1980 ghuba hiyo ilikauka. Katika miaka ya karibuni, na hasa mwaka 2020, maji ya ziwa yalipanda yakameza sehemu za Longech na kuwahamisha watu. Maji hayo, kwa sehemu kubwa, huletwa na mto Omo. Maana yake ni kwamba mvua iliyowafukuza watu wa Longech ilinyesha katika milima ya Ethiopia, ambako hawakuweza kuiona ikijikusanya.

Ni hapo Longech tulipokaa na wanafunzi wachache wa uzamili waliokuwa wakikusanya nyimbo za wavuvi. Jioni moja ilichezwa Kothbiro, na mwanafunzi mmoja mwenye asili ya Nyanza akaombwa awafasirie wenyeji. Aliyafasiri maneno kwa Kiswahili, na mwenzake akayapeleka katika Kiturkana. Mzee mmoja, aliyekuwa akishona wavu muda wote huo, aliuliza swali moja tu: "Na hao ng'ombe, walifika?"

Wanafunzi wetu walikuwa wameujadili wimbo huo kwa majuma matatu. Walikuwa wamezungumzia nostaljia, utambulisho na maumivu ya uhamishoni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza kama ng'ombe walifika. Swali la mzee ni la kihakiki kuliko yote waliyoyasema, kwani linatokana na muundo wa matini. Amri ikishatolewa, tunataka kujua kama ilitiiwa. Wimbo hausemi. Unakwisha watoto wakiwa bado huko nje na mvua ikiwa bado njiani, na matokeo yote yameachwa mikononi mwa wale walioitwa. Mzee aliliona pengo hilo mara moja kwa sababu anatoka katika nchi ambamo laga lililokuwa kavu asubuhi linaweza kubeba kundi zima jioni, na mtoto aliyechelewa kusikia huwa amesababisha hasara ya ukoo.

Basi tunautaja wimbo tunaoupenda na sababu yake. Tunaichagua Kothbiro kwa sababu ni wimbo unaoomba kutiiwa na haujui kama utatiiwa. Utulivu wake, ambao wengi wameuita huzuni, sisi tunausikia kama subira ya mtu mzima anayejua kwamba kupiga kelele hakutawafanya watoto wakimbie zaidi. Mtu anaweza kuipinga tafsiri hii. Anaweza kusema kwamba kurudiwarudiwa kwa wito ni dalili kwamba hausikiki, na kwa hiyo tayari umo msiba ndani yake. Tungemshukuru, maana angekuwa amerudi kwenye maneno na mpangilio wake, ambako mabishano ya kihakiki yanastahili kufanyika. Asiyeweza kupingwa ni yule anayesema tu kwamba wimbo unamgusa.

Kuhusu uzito wa kuchagua, Waturkana wana la kutufunza. Mwanamume wa Kiturkana huwa na fahali wake aliyehasiwa, emong, aliyemchagua miongoni mwa wengine kwa rangi yake na kwa pembe zake, ambazo hufinyangwa zichukue umbo atakalo mwenyewe. Humtungia wimbo, na katika ngoma ya edonga humwimba mbele ya wenzake huku mikono ikiinuliwa kuigiza pembe. Tena mwanamume huyo huitwa kwa jina linalotokana na fahali huyo. Chaguo lake linakuwa jina lake. Hawezi kusema leo kwamba anampenda huyu na kesho kwamba wote ni sawa, kwa kuwa kila amwitaye anamkumbusha alichokichagua. Huo ndio uzito tunaouomba katika madarasa yetu. Mhakiki achague, kisha akubali kuitwa kwa chaguo lake.

Tuwageukie sasa wale wa mchagua jembe. Hawa wanajiona wana insafu, kwa vile hawapendelei. Lakini mtaala wenyewe ni uchaguzi. Nyimbo zinazofundishwa zilichaguliwa na mtu, na tasnifu inayoandikwa juu ya msanii huyu imeacha kuandikwa juu ya yule. Anayekataa kutaja sababu hajaacha kuchagua. Ameficha tu mahali alipochagulia. Wapo pia ndugu zao wa karibu, wajuzi ambao huitupa Kothbiro kwa sababu kila mtu anaijua, wakakimbilia Obiero au Dala au Chiro ili waonekane wamechimba kwa kina. Hatusemi kwamba nyimbo hizo hazistahili. Tunasema kwamba kutojulikana si sifa ya kisanaa, kama vile umaarufu si kasoro ya kisanaa. Mchagua nazi hupata koroma, na koroma hupatikana zaidi anapochagua kwa kuwatazama wachaguaji wengine badala ya kuitikisa nazi yenyewe.

Limebaki pingamizi la mwisho, ambalo hutolewa kwa sauti ya chini katika mikutano ya idara: Ogada aliimba kwa Kijaluo, na sisi ni idara ya Kiswahili; yatuhusu nini? Mjadala juu ya mipaka ya fasihi ya Kiswahili ni mkongwe, nasi hatutaufufua hapa. Itoshe kusema kwamba jioni ile ya Longech wimbo wa Kijaluo ulimfikia msikilizaji wa Kiturkana kwa kupitia Kiswahili. Hakuna lugha nyingine pale ambayo ingeweza kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1968, Ngũgĩ, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipodai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi, fasihi simulizi ilikuwa sehemu ya msingi ya dai lao. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwanafunzi wetu wa Kiswahili anapotaka kuuelewa wimbo wa Kijaluo hutafuta kwanza tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa kwenye jalada la albamu, kisha huitafsiri tafsiri hiyo. Maneno yanayomfikia yamekwisha kupita katika mikono ya waliokuwa wakimuuzia Mzungu utulivu. Si ajabu basi akirudi na upweke na simanzi.

Tunapendekeza mambo mawili, na tunayapendekeza kwa idara zote zinazosimamia tasnifu za nyimbo. La kwanza, kila mtahiniwa aandamanishe uchambuzi wake na maneno kamili ya wimbo katika lugha ya asili, pamoja na tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa moja kwa moja kutoka lugha hiyo kwa msaada wa mzawa wake, na mzawa huyo atambuliwe kama mshiriki wa utafiti. La pili, katika mtihani wa utetezi wa tasnifu, mtahiniwa aulizwe waziwazi kwa nini wimbo huu na si ule, na jibu lake litiwe alama. Atakayejibu kwamba ulimgusa aambiwe aendelee, aeleze ni neno gani lililomgusa na linamwambia nani afanye nini. Mapendekezo haya hayahitaji fedha. Yanahitaji msimamizi aliye tayari kuulizwa swali hilohilo na mwanafunzi wake.

Sisi tumekwisha kujibu kwa upande wetu. Msomaji anayeona tumeukosea wimbo huu, au anayeona uko mwingine katika albamu ile unaoushinda, tunamkaribisha atujibu katika toleo lijalo, ila aje na maneno ya wimbo wake mkononi.